Siku Don Olegario Alipousahihisha Mchezo

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Olegario Bustinza. Hilo halina ubishi, na yeye mwenyewe amelikiri mara nyingi mbele za watu, akihesabu kwa vidole makosa aliyoyafanya tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na vidole vya mikono miwili havikumtosha. Watu wa mji wa Colonia Zubiría humpinga kwenye jambo moja tu: wanasema upumbavu ule haukuanza siku ile. Siku ile ulikuwa umeshatimiza miaka thelathini na moja, mtu mzima kabisa, na ndevu zake.

Olegario na Ubaldo Ferreccio waliuza soda, yale maji ya gesi ya kuchanganyia divai. Mji mzima ulikunywa ya kwao, kwenye zile chupa nene za kioo zenye kifyatulio kichwani, ambazo ukizibonyeza vibaya zinaiosha meza, divai na mgeni wako. Ubaldo alikaa na mtambo uani, mtu mpole, mnene kidogo, mwenye subira ya fundi. Olegario alizungusha chupa nyumba kwa nyumba, mwembamba kama kigingi, na mdomo usiojua likizo. Waliishi nyumba moja, ile yenye mtambo, na kwa watu walikuwa washirika wa biashara. Olegario alilitamka neno mshirika kama wengine wanavyotamka sala, asubuhi na jioni, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Na kazi ya kulilinda neno hilo aliifanya kwa bidii. Kila Jumamosi, kabla Zulema mfuaji hajafika, aliingia chumba cha mbele, akakivuruga kitanda ambacho hakijapata kulaliwa na mtu, akauponda mto kwa ngumi, akaacha na gazeti la mpira limefunguliwa katikati. Wakialikwa mahali, Ubaldo alitangulia, yeye akafuata baada ya dakika kumi kamili kwa saa, na wakifika hawakukaa pamoja: kanisani, uwanjani, msibani, mmoja mbele, mwingine nyuma. Tena aliwahi kuwa na mchumba. Aliitwa Clotilde, aliishi mji wa Tandil, na kila mwezi alimwandikia barua ndefu yenye manukato. Clotilde hakuwahi kuzaliwa. Barua aliziandika Olegario mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na mwaka wa saba, alipochoka, alimuua kwa nimonia, akavaa kitambaa cheusi mkononi miezi mitatu.

Ubaldo aliyatazama yote hayo bila kusema sana. Aliwahi kuuliza tu kama ilikuwa lazima Clotilde afe mwezi wa Desemba, maana ilimharibia sikukuu.

Sasa, mji ule una kikundi cha mchezo wa kuigiza, Kikundi cha Ghala, kwa sababu huigiza ndani ya ghala la zamani la nafaka kando ya reli ambayo siku hizi haina treni. Si waigizaji wa kulipwa. Ni majirani wanaoigiza mambo ya mji mbele ya mji, wakiongozwa na doña Perla Echegoyen, mwalimu mstaafu mwenye penseli ya kudumu nyuma ya sikio. Na kwa kuwa mambo ni ya mji, mji una haki nayo. Kila mchezo mpya, onyesho la kwanza ni la kusahihisha: yeyote anayeona jambo limekosewa husimama na kusema, “Haikuwa hivyo.” Waigizaji huganda walipo, doña Perla huchomoa penseli, kosa hurekebishwa, mchezo unaendelea. Mchezo wa mafuriko ulichukua saa tano, kwa sababu watu hawakukubaliana ni ng'ombe wa nani aliyepanda juu ya paa la shule. Olegario peke yake alisimama mara kumi na moja siku ile, na ng'ombe hakuwa hata na uhusiano naye. Yeye hawezi kusikia kosa akanyamaza. Humwasha mwilini kama upele.

Basi baridi ya mwaka ule, mwaka mmoja tangu sheria ya ndoa za jinsia moja ipite kule Buenos Aires, tangazo likabandikwa bekari: Chumba cha Wageni, mchezo juu ya mapenzi yaliyojificha mjini petu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kutokana na visa vilivyoandikwa na wenyewe bila majina na kutiwa kwenye kasha. Kasha lenyewe lilikuwa pale kaunta kwa miezi miwili. Olegario alikuwa amelipita kila siku na kreti la soda begani akidhani ni la bahati nasibu ya zimamoto.

Alifika nyumbani mweupe kama unga. Alimuuliza Ubaldo kama ameandika kitu. Ubaldo akasema hapana. Alimuuliza tena wakati wa kula, na tena wakiwa wanaosha chupa, mpaka Ubaldo akazima mtambo, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akafuta mikono na kusema.

“Jumapili nitakaa mstari wa tatu, katikati. Kiti cha pembeni yangu nitakiwekea koti langu, na ni chako. Mstari wa tatu, mzee. Nimemzika mama yangu wewe umekaa nyuma kabisa na wabeba mashada. Ukikaa kwingine safari hii, Jumatatu napanda basi niende Necochea kwa dada yangu, na sitarudi.”

Olegario alicheka, akidhani mwenzake anatania. Kisha akaingia chumbani akakuta sanduku la safari limeshushwa juu ya kabati, limefutwa vumbi, na ndani yake soksi zimeshapangwa. Mtu anayetania hapangi soksi.

Wiki nzima alitafuta njia ya kati, na kwa bahati mbaya akaipata. Angekwenda, ndiyo, lakini angekaa mstari wa mwisho karibu na mlango. Taa zikizimwa angenyata hadi mstari wa tatu, akae na Ubaldo gizani kama alivyoagizwa, na kabla taa hazijawashwa angekuwa amerudi alikotoka. Kwa hesabu yake, hakuna aliyekosa: Ubaldo angepata mtu wa kukaa naye na mji usingepata habari. Na kwa usalama zaidi, angejifunika.

Jumapili Ubaldo akatangulia. Olegario akangoja dakika kumi zake, akavaa kofia ya kushuka masikioni, skafu mpaka puani, na miwani ya jua aliyoinunua baharini mwaka wa tisini. Alipoingia ghalani, Anselmo muuza nyama akamuuliza kama macho yanamsumbua. Wanawake wawili wakamsalimu kwa jina. Doña Irma, mke wa mkuu wa zimamoto, akamshika mkono akamwambia chupa aliyompelekea Alhamisi inavuja.

“Mimi si mtu wa hapa,” alisema Olegario kwa sauti nzito ya kuazima.

“Haya, ukikutana na don Olegario mwambie inavuja,” akajibu doña Irma, akaenda zake.

Alikaa mlangoni akatulia. Kule mbele, katikati ya mstari wa tatu, aliuona upara wa Ubaldo, na pembeni yake kiti chenye koti. Aliusubiri wakati wa taa kuzimwa. Akausubiri sana. Hapo ndipo akili ilipomrudia: onyesho la kusahihisha huwa saa kumi alasiri, na paa la ghala lile lina matundu kuliko mabati. Jua lilimwagika ndani kama maziwa. Hapakuwa na taa ya kuzima wala giza la kunyatia, na pazia lilikuwa limeshafunguliwa.

Jukwaani palikuwa na wanaume wawili, yaani Dorita wa bekari na mwalimu wa jiografia, wamechorwa masharubu kwa mkaa, kwa kuwa kikundi kina wanawake kumi na wanne na wanaume wawili, na mmoja wao siku ile alikuwa na mafua. Wanaume hao wa masharubu waliishi nyumba moja na kujiita binamu. Walikuwa na chumba cha wageni chenye kitanda cha kuonyesha watu. Mmoja wao, Dorita, alikuwa mwoga wa kupindukia, na kila mlango ulipogongwa aliruka kitanda hiki hadi kile kama chura, na watu wakacheka mpaka viti vikalia.

Olegario hakucheka. Jasho lilimtiririka ndani ya skafu. Yule chura alimjua: ni yeye mwenyewe. Ubaldo ameandika, alijisemea, ameandika kila kitu, na sasa wote wanamcheka bila kujua wanamcheka nani.

Kisha likaja onyesho la kituo cha treni. Wale wawili wamekubaliana kutoroka mji waende kuishi Buenos Aires, mahali ambapo hakuna anayemjua mtu. Mwalimu wa jiografia amesimama na sanduku lake, anatazama saa, anatazama njia. Treni inakuja. Mwenzake haji. Na upande wa pili wa jukwaa Dorita yuko kitandani, amelala chali, anakoroma kiasi cha kupeperusha sharubu. Ghala zima likaangua kicheko.

Olegario alikuwa ameshasimama kabla hajajua.

“Haikuwa hivyo.”

Dorita akaacha kukoroma. Doña Perla akachomoa penseli.

“Lipi, don Olegario?” aliuliza, na kofia, skafu na miwani vikawa vimepoteza kazi yao hapo hapo.

“Hakulala,” alisema. “Nani amesema alilala? Nilikuwa kituoni nusu saa kabla ya treni. Nyuma ya tangi la maji, na sanduku langu, na mikate miwili ya nyama, mmoja wake na mmoja wangu. Nilimwona amesimama pale na koti la kijivu. Nilitaka kutoka. Miguu ndiyo iliyokataa.”

Olegario aliyasikia maneno yake yakirudi kutoka kwenye mabati. Alisema “nilikuwa.” Alisema “nilimwona.” Yalikuwa yametoka mbele ya watu mia mbili na hayakuwa na njia ya kurudi chupani.

Mstari wa pili, doña Leonor, mwalimu wa piano mwenye miaka themanini na minane, akageuka taratibu akiegemea mkongojo.

“Kaa chini, don Olegario. Usijitwalie kisa cha watu. Aliyelala ni Amparo.”

“Nilikunywa dawa ya kikohozi,” alisema doña Amparo pembeni yake, mwalimu wa piano wa pili, binamu yake kwa mujibu wa mji. “Ni miaka hamsini sasa, Leonor. Utaisema mpaka lini?”

Doña Perla akafafanua, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto hesabu ya kugawanya, kwamba kisa chote tangu mwanzo ni cha mabibi hawa wawili, ambao waliomba wageuzwe wanaume ili asiwepo mtu wa kuwatambua. Hakuna mtu ghalani aliyeonyesha kushangaa. Kikombe cha kibuyu chenye chai yao chungu kiliendelea kupita mkono kwa mkono, kila mtu akinyonya mrija na kumtazama Olegario, wakingoja aendelee.

Mwenye akili angekaa. Olegario akajitetea. Alisema hakumaanisha yeye, alikuwa anasimulia ya mtu mwingine. Alipoona hawamwamini, alisema basi ni yeye, lakini aliyekuwa akimngoja kituoni alikuwa Clotilde, Mungu amrehemu.

“Haikuwa hivyo,” alisema Hortensia wa posta, akasimama. Alieleza kwamba barua za Clotilde alizigonga muhuri yeye mwenyewe, pale pale mjini, miaka saba mfululizo; zilitoka Tandil bila kupata kuiona Tandil, na manukato yake yalikuwa yale ya kunyolea ndevu.

Zulema mfuaji naye akasimama. Alisema amekuwa akizipiga pasi shuka za chumba cha mbele miaka kumi na minane, shuka ambazo hazijui mgongo wa mtu, na kwamba gazeti la mpira ni lile lile tangu fainali ya mwaka wa themanini na sita. “Na ulipomuua yule msichana nilikuletea keki ya tufaha,” aliongeza. “Nilijua hakuna aliyekufa. Ila ulikuwa umekonda.”

Baada ya hapo wakasimama wengi kuliko kwenye mchezo wa ng'ombe. Kuna aliyesema mkewe hurekebisha saa ya ukutani kwa zile dakika kumi za Olegario. Kinyozi alisema huwa hata hamwulizi Olegario anataka kunyolewaje, humwuliza Ubaldo. Doña Perla aliandika yote, akageuza karatasi, akaandika tena.

Kilichompata Olegario hapo si aibu. Ilikuwa hasira ya fundi aliyejenga ukuta kwa miaka thelathini na moja, tofali kwa tofali, na kuambiwa kwamba ulikuwa wa kioo. Aliwauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Angepumzika. Angelala Jumamosi asubuhi. Wakamjibu kwamba walimwona anafurahia.

Basi Ubaldo akasimama.

“Ulikuwa nyuma ya tangi?”

Olegario akavua miwani. Hakuna mwingine pale aliyeijua siku ile ya mwaka wa themanini na tatu walipokubaliana kutoroka. Hata wao wawili hawakuwahi kuitaja. Ubaldo alirudi nyumbani na sanduku lake jioni ile, akakuta chupa hazijajazwa soda, akazijaza.

“Nusu saa nzima,” alisema Olegario. “Na treni ilivyoondoka, mikate yote miwili nikaila mimi.”

“Miaka ishirini na nane nimedhani ulikuwa nyumbani, umebadili nia. Hatua arobaini kutoka niliposimama, na hukutoka.”

“Palikuwa na watu.”

“Palikuwa na mkuu wa kituo na mbwa.”

“Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa maneno sana,” alisema Olegario, na watu fulani wakaafiki, maana ilikuwa kweli.

Akaona ni heri amalize haraka. Alisema haya, yamekwisha, sasa kila mtu anajua, tena inaonekana walijua kabla yake, kwa hiyo hakuna kizuizi, anaweza kuja kukaa mstari wa tatu na wasonge mbele na mchezo. Alilisema hilo kama anayetoa zawadi.

“Sikukuuliza nani anajua, don Olegario,” alisema Ubaldo. Lile don, heshima wanayopeana watu baki, lilikuwa baridi kama chuma. “Nilikuuliza utakaa wapi. Ulichosema umekisema ili ushinde ubishi wa treni. Na umekisemea mlangoni.”

Akakaa, akampa kisogo. Koti lilikuwa bado kwenye kiti, lakini sasa mkono wake ulikuwa juu ya koti, na Olegario, anayezijua namna zote za mkono ule, aliona kwamba unalichukua.

Akavua kofia. Akavua skafu. Akashuka njia ya katikati, viatu vikigonga sakafu ya mbao, mpaka mwanzo wa mstari wa tatu. Kati yake na Ubaldo palikuwa na magoti ya watu saba, na goti la kwanza lilikuwa la Anselmo muuza nyama, kubwa kama kigogo cha kukatia mifupa. Halikusogea. Olegario akaomba njia. Anselmo akamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa mshirika wake.

“Mstari huu hauna mshirika wa mtu,” alisema Anselmo. “Jaribu wa nne.”

Yale magoti mengine sita yakabana. Olegario akatazama nyuma, mlango ulikuwa wazi na jua zuri nje. Akatazama mbele, mkono wa Ubaldo ulikuwa umeshaliinua koti nusu.

“Nakwenda kwa Ubaldo,” alisema. “Ni mtu wangu.”

Alilisema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole. Anselmo akavuta goti. Lakini doña Leonor, ambaye sikio lake moja halijasikia piano tangu mwaka wa themanini, akauliza kwa nguvu amesema nini huyo.

“Amesema ni mtu wake,” alijibu doña Amparo.

“Nani?”

“Ubaldo.”

“Hilo najua. Nauliza amesema nini.”

Kwa hiyo ikabidi arudie. Na kwa kuwa kurudia kwa sauti ndogo kungemlazimu kurudia tena, alijaza mapafu, akasema mpaka njiwa wa paani wakaruka: kwamba Ubaldo Ferreccio ni mtu wake tangu mwaka wa themanini, kwamba ushirika wa biashara ni ushirika wa biashara na hili ni jambo lingine, na kwamba anayetaka kucheka acheke sasa, maana yeye anakwenda kukaa.

Hakuna aliyecheka, jambo lililomuudhi kidogo. Magoti sita yakaelekea upande mmoja kama mlango. Akapita akikanyaga vidole vya miguu na kuomba radhi, akafika. Ubaldo alikuwa akitazama jukwaa. Alilitoa koti kitini polepole, kama mtu ambaye bado hajakata shauri, kisha akaliweka magotini, nusu juu yake, nusu juu ya magoti ya Olegario, kwa kuwa ghala lina baridi.

Doña Perla akarudisha penseli sikioni. Dorita akalala, akaanza kukoroma upya, ila kwa heshima zaidi. Mwalimu wa jiografia akalishika sanduku lake.

Olegario alijitahidi kunyamaza, akashindwa. Alimsogelea Ubaldo sikioni. Alinong'ona kwamba yote sawa, lakini kuna jambo halijafikiriwa. Kesho ni Jumatatu. Atagonga milango mia na ishirini, mmoja baada ya mwingine, na nyuma ya kila mlango atasimama mtu aliyekuwa hapa leo, au aliyesimuliwa na aliyekuwa hapa.

“Watanikazia macho, Ubaldo. Nitawaambia nini?”

Ubaldo hakugeuza hata shingo.

“Waambie soda imefika, mzee. Hilo peke yake ndilo wasilolijua.”